Vikapu Vinavyooza

Kisarawe, 3 Mei 2025

Shangazi Siku,

Shikamoo. Presha imeshuka? Na mguu je? Mimi mzima kama chuma cha reli, njaa tu, ile yetu ya kawaida.

Vikapu alivyobeba Yassin kwenye bodaboda vimefika. Sasa tulia uone mwanao anavyofanya kazi. Hawa wageni wa Dar ninaowatembeza msituni wanapenda mazingira mpaka kufa. Mmoja aliniambia ubaya wa plastiki ni kwamba haiozi. Papo hapo nikapata akili! Nimechora kibao kikubwa, nimekisimamisha mbele ya meza yangu pale getini: VIKAPU VYETU VINAOZA. Nimeishia kidato cha pili, lakini kichwa ni cha chuo.

Mwambie shemeji yako Mwinyimadi aweke panga chini. Vikapu vikianza kutoka, mikindu yako haikatwi na mtu.

Mwanao,
Bilali


Mbwawa, 12 Mei 2025

Bilali,

Marahaba. Presha ilikuwa imeshuka, mpaka niliposoma barua yako.

Vinaoza? Umerogwa wewe? Kikapu cha mama yangu kimebeba nazi tangu baba yako anatambaa, na mpaka leo kizima. Wewe unanitangazia vyangu vinaoza, kama samaki wa juzi! Ndiyo maana Yassin anasema meza yako imejaa vilevile.

Mwinyimadi amekuja na mpimaji. Bonde la marehemu kaka yake anataka alikate viwanja, mikindu yote chini. Nimembembeleza angoje Idi ya kuchinja ipite. Akanijibu, "Shemeji, kwani ukindu unaliwa?" Sasa bila ukindu nitasuka nini mimi, nywele?

Futa hicho kibao.

Shangazi yako


Kisarawe, 15 Mei 2025

Shangazi,

Shikamoo, na samahani, ya nusu. Rangi ya kibao imegoma kufutika.

Usingizi siupati. Nimewauliza wageni mmoja mmoja mbona hawanunui, maana wote wanasifu mazingira huku wanakunywa maji ya chupa. Baba mmoja akacheka: "Kijana, ninunue kitu kije kuniozea mkononi?" Kumbe!

Lakini sikia. Dada mmoja, Hajira, kanunua. Mazingira hakuyataja hata kidogo. Aliuliza nani kakisuka. Nikamwambia shangazi yangu, ana kisirani huyo, ukikalia kikapu chake anakutukana mpaka ukoo. Akacheka mpaka machozi, akakichukua. Wenzake walipomwona nacho, nao wakataka! Halafu wote wakauliza swali moja: tunaweza kwenda kumwona?

Jumamosi ya tarehe 31 Yassin na wenzake watawaleta. Mimi siku hiyo nina kundi jingine msituni. Hili nalo likibuma, naenda bandari kavu ya Kwala kubeba makontena mgongoni, usinililie.

Mwanao,
Bilali


Kisarawe, 24 Mei 2025

Shangazi,

Shikamoo. Mbona kimya? Yassin anasema amepita, mlango umefungwa, na bondeni kasikia panga. Kila pikipiki ikilia natoka mbio. Nijibu, hata tusi.

Bilali wako


Mbwawa, 2 Juni 2025

Bilali,

Marahaba ya zote unazonidai. Mguu unauma, tena una haki.

Mwinyimadi hakungoja Idi. Mikindu ya upande wa barabara ameshaikata. Nikabeba mkeka wangu, nikaenda kukaa katikati ya iliyobaki, kutwa, siku zote hizo. Barua ningeiandikia wapi?

Wageni wako wakatukuta hivyo, mimi chini, yeye na panga. Hajira akadhani ndiye anayenikatia ukindu wa kusukia. "Shikamoo baba. Hebu tuonyeshe unavyochagua." Mwinyimadi akanitazama. Nikajisogeza kumpisha. Akainama, akawaonyesha jani la kukata na la kuacha ili mkindu usife, kama mama yake alivyokuwa akitufundisha. Sikujua kama bado anakumbuka. Jua likazama bado anaeleza, na vikapu vyote vikaondoka.

Viwanja hajavitaja tena. Hajasema ameacha, hajavitaja tu. Panga amelisahau mlangoni kwangu, eti atalifuata Jumamosi ya baada ya Idi, wageni wakirudi.

Kibao usikifute. Andika hivi: UKIVITUNZA HAVIOZI, UKIVITUPA VINAOZA.

Na safari hii uje mwenyewe, mwoga wewe, kundi jingine! Wageni wameniambia yote uliyonisema.

Shangazi yako,
mwenye kisirani