Kilomita Mia Moja na Tisini za Gunvor

Bykle, 14 Januari

Binti yangu Ingunn,

Nakusalimu kutoka kwenye baridi ya nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri. Hujambo? Goti lako limepona? Mimi mzima, ila masikio yamezidi kuharibika. Simu siisikii tena, ndiyo maana naandika.

Gari la umeme la marehemu mama yako limeniaibisha. Jumamosi nilitoka kwenda Haukeli likiwa na chaji nusu. Nikawasha hita mpaka mwisho, nikalikanyaga kama nilivyokuwa nikikanyaga lori la maziwa. Nilipopita Hovden, mlimani, likazima. Asbjørn jirani akaja kunivuta kwa trekta. "Torleiv! Miaka thelathini na minane barabarani, leo unakokotwa kama ndama!" Kelele zake hizo nilizisikia vizuri.

Nataka kuliuza. Lakini kwanza niambie, mama yako alikuwa analiendeshaje?

Baba yako

Bergen, 2 Februari

Baba,

Shikamoo. Goti limepona, natembea vizuri.

Gari halina kosa. Unaliendesha vibaya. Lipashe joto likiwa bado limechomekwa ukutani, ili joto hilo lisitoke kwenye betri. Ukishaondoka, washa joto la kiti na la usukani tu, acha kupasha hewa yote. Pima upepo wa tairi, baridi huupunguza. Usizidi kilomita sabini na tano kwa saa, hasa ukipigwa na upepo wa mbele. Tazama mbali: ukiona kona, inua mguu mapema, gari litapungua mwendo lenyewe na umeme urudi kwenye betri. Breki ni ya dharura. Ukichaji njiani ishia asilimia themanini, kuanzia hapo linajaa polepole mno.

Haya yote alinifundisha mama. Aliyajua kwa sababu kila wiki, kwa miezi saba, aliliendesha peke yake mpaka Kristiansand kutibiwa saratani. Kilomita mia moja na tisini kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Wewe ulisema hupandi kidude cha watoto. Kwa hiyo unaniuliza jambo ambalo ungelijua kama ungekaa kiti cha pembeni.

Ukitaka kuliuza, liuze.

Ingunn

Bykle, 20 Aprili

Ingunn mwanangu,

U hali gani? Mimi sijambo. Theluji imeanza kulegea.

Sikukujibu kwa sababu nilikasirika. Baadaye hasira ikaisha, na hapo ndipo ikawa vigumu zaidi kuandika.

Alhamisi nilikwenda Kristiansand. Nililipasha joto ukutani, nikavaa koti zito, nikashika sabini na tano. Malori yalinipigia honi, nikayaacha yapite. Kando ya ziwa la Byglandsfjord sikugusa breki hata mara moja.

Evje nilisimama kuchaji. Mama wa mgahawani, Torbjørg, alilitambua gari. "Wewe ndiye mume wa Gunvor?" Ilibidi apige kelele, mgahawa mzima ukasikia. "Yule ambaye kila wiki alikuwa na kazi isiyoachika?"

Sikuwa na kazi, Ingunn. Nilikuwa nimeshastaafu miaka minne. Mama yako alinifichia aibu mbele ya watu wasionijua.

Nikasema, "Ndiye mimi." Akaniwekea andazi bapa la kuokwa kwenye chuma, lenye jibini la kahawia, nikalila lote maana alikuwa akinitazama.

Hospitalini niliegesha, nikakaa ndani ya gari dakika ishirini, nikageuza. Kurudi ni kupanda mwanzo mwisho. Nilifika nyumbani na asilimia kumi na moja. Kumbukumbu ya safari zake bado imo garini: yeye alikuwa akifika na kumi na tisa. Na hiyo ni baada ya dawa.

Gari halikuwa sababu. Niliogopa kile chumba wanamowawekea watu dripu za dawa. Sikumwambia. Nikasema kidude cha watoto.

Baba yako

Bergen, 2 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako niliisomea jikoni, nimesimama.

Nami sikukwambia yangu. Katika miezi saba ile nilikuja mara mbili. Ningeweza kuja zaidi. Ilikuwa rahisi kukulaumu wewe.

Njoo Bergen. Chaji Røldal, kisha Odda upumzike. Kitanda kipo. Waonaje Jumanne ijayo?

Binti yako,
Ingunn

Bykle, 6 Mei

Ingunn wangu,

Salamu nyingi. Mzima wewe? Mimi niko sawa, barabara ni kavu.

Jumanne siwezi. Borghild, mke wa Asbjørn, ameanza matibabu yaleyale. Asbjørn anasema hathubutu kushika usukani kumpeleka huko, akaja mlangoni kwangu kofia mkononi, hakucheka safari hii. Kwa hiyo Jumanne ni zamu ya Borghild. Analalamika kwamba naendesha kama mchungaji anayekwenda maziko, lakini tunafika na chaji ya kutosha.

Naingia naye ndani. Mara ya kwanza nilikwama mlangoni, akanishika mkono yeye mgonjwa. Sasa nakaa kando yake mpaka dripu iishe. Anaongea muda wote, na mimi sisikii hata nusu. Anasema haidhuru.

Nitakuja Jumatano.

Baba yako