Koti la Kukamulia

Molo, Alhamisi

Dada yangu mpendwa Emmy,

Koti la Mama limepotea. Lilipotea Jumanne, siku uliyoondoka. Asubuhi lilikuwa kwenye msumari wa zizi, jioni nikaukuta msumari peke yake. Sasa ndiyo nakusalimu: hujambo, na watoto hawajambo? Baridi ya huku haikukuachia kikohozi? Sisi tu wazima, ukiacha hilo nililoanza nalo. Naandika kwa sababu simu zangu hupokei, na dereva wa lori la kabeji amekubali kukufikishia barua hii huko Kamere, hadi geti la shamba la maua unakofanya kazi.

Utauliza koti gani, lile gunia? Hata Mama aliliita gunia. Faida yangu ya kwanza ya viazi nilimnunulia jipya la sufu, akalivaa kanisani mara moja, akasema linamfanya afanane na padri, akarudia lake la mitumba lenye kifungo kimoja. Kwenye mazishi mhubiri alipomwita mama mpole, nilikuona ukiinamisha kichwa usicheke. Mpole gani aliyemfukuza daktari wa mifugo kwa ndoo, eti amesema ng'ombe wake Chelel amezeeka? Mpole gani wa kuruka kamba na wajukuu akiwa na miaka sabini na nane, akianguka anasema ni ardhi imesogea?

Basi sikiliza hesabu. Kwa mkono wa Mama, Chelel alitoa lita kumi na mbili kwa siku. Wiki tuliyomzika, alitoa mbili. Nikaleta mkamuaji wa kulipwa, akapigwa teke. Nikabadilisha chakula, nikaongeza chumvi. Mimi niliyeanza na debe moja la viazi nikafika lori, ng'ombe mmoja akanishinda. Ni binti yangu Chepkemei aliyeniambia Chelel anamtafuta kogo, yaani bibi yake. Basi nikavaa koti, nikaketi kwenye kigoda chake, nikamtukana Chelel vile Mama alivyomtukana, kwamba ni mvivu na mama yake alikuwa na adabu kumliko. Maziwa yakashuka. Jirani yetu Kihara akachungulia, akawaita wenzake waje haraka, mathe amefufuka na ndevu. Nikacheka nao. Kesho yake nikavaa tena.

Ndiyo maana siku ya kugawa nguo niliwaambia shangazi wachukue chochote, ila koti halimo, ni kifaa cha kazi kama ndoo. Wewe ukanyamaza. Ningejua kuusikia ule unyamavu. Najua hukupewa ruhusa kazini, ukafika Mama ameshafunikwa shuka, na mimi nilikuwa nimemshika mkono alipokata roho. Haki unayo, Emmy. Lakini ungesema.

Nilikuwa nimepanga kukuandikia kwamba kiwele cha Chelel kitaharibika na kosa litakuwa lako. Ningekuwa nadanganya. Jumanne ile jioni niliketi bila koti, nikingojea teke. Kabla sijafungua mdomo, akaachilia maziwa. Lita tano, jioni peke yake. Amenizoea. Amemsahau Mama au amekubali, sijui ng'ombe hufanyaje. Ndoo ikajaa povu na mimi nikashindwa kuinuka pale kwenye kigoda. Maana si Chelel aliyekuwa akilihitaji. Kwenye kola mlikuwa na moshi wake, mafuta ya kukamulia, na ugoro aliodhani hatuujui. Kila asubuhi nilitia pua humo, nikisema ni kazi. Nimejaribu blanketi lake, nimejaribu kitambaa chake cha kichwa. Vimefuliwa vyote. Vinanuka sabuni.

Sikwambii ulirudishe. Wala sikufungulii kesi kwa wazee. Lakini nakujua tangu utotoni: nguo ikiingia mlangoni kwako, hata viatu hujavua, iko kwenye beseni.

Chepkemei anakusalimu, na Kihara, na Chelel kwa njia yake. Wabusu watoto, waambie shamba la viazi la kogo limechanua.

Dereva atapita getini kwako Jumamosi saa sita mchana akirudi huku. Mpe jibu. Usinieleze kwa nini ulilichukua, usiniombe msamaha, usinitumie salamu. Nataka neno moja tu: umelifua, au hujalifua?

Ndugu yako,
Kipngetich