Vichupa Visivyo na Lebo

Hospitali ya Macho,
Chennai, India.
17 Agosti 2014

Mama yangu mpendwa, mama yake Edson,

Shikamoo. Kalamu haiwezi kupiga magoti, lakini jua kwamba mkweo aliyeishika amepiga. Kifua chako kimetulia? Baridi ya Ikinga mwezi huu naijua, inaingia mpaka kwenye chumvi, kwa hiyo nakuomba usiende kisimani kabla jua halijapanda. Mahindi mmeshamaliza kupukuchua? Na yule mbuzi mweusi aliyekuwa na mimba amezaa salama? Sisi huku tu wazima. Baba anakula, analala, na anagombana na chakula cha watu hawa ambacho anasema kimepikwa kwa hasira. Habari ya macho yake nitaifikia. Tafadhali usiruke mistari kuitafuta.

Utajiuliza kwa nini nimeandika barua wakati simu ipo. Mama, simu yako unaijua. Huisikii mpaka uiweke sauti kubwa, na ukiiweka sauti kubwa wifi Loisi naye anasikia, na Loisi akisikia, Mlowo nzima itakuwa imesikia kabla ya chakula cha mchana. Barua hii anaileta baba mmoja wa Igamba aliyekuja kutibiwa na sasa anarudi nyumbani. Isome mwenyewe, tena ukiwa umekaa.

Edson ameshakuambia kwamba alibaki Dar es Salaam. Sidhani amekuambia kwa nini. Tulipofika kaunta ya ndege, tukakabidhi begi kubwa, likapita kwenye mkanda likaenda zake. Ndipo dada wa kaunta akaomba kadi za manjano za chanjo. Mimi nikatoa yangu na ya Baba. Mwanao, mtu anayevuka mpaka na lori kila wiki, kadi yake ilikuwa kwenye dashibodi ya lori, na lori lilikuwa Tunduma. Alijipapasa mifuko yote, hata ya shati ambalo halikuwa na mfuko. Tiketi yenyewe ilikuwa ya aina isiyobadilishwa. Basi akabaki nje ya kamba akitupungia mkono, mimi na Baba tukaenda mbele wawili peke yetu.

Wewe unajua maana ya maneno hayo. Siku niliyoingia kwenu ni wewe uliyenikalisha jikoni ukanifundisha kwamba baba mkwe hatazamwi usoni, hatajwi jina, hapewi kitu mkono kwa mkono, na akitokea njiani mimi niingie kwenye mahindi. Wenzangu wa Tunduma wananicheka, wanasema mila hizo zilishakufa. Nawajibu kwamba kwenu bado zinapumua. Ndani ya basi kutoka Tunduma Edson alikaa katikati yetu kama ukuta, Baba akitaka maji anamwambia Edson, nami namkabidhi Edson. Sasa ukuta umebaki nje ya kamba.

Hapo nifike kwenye mzigo, na kosa hili ni langu, simsingizii mtu. Mama, mimi ni mtu wa mpakani. Kwa kupeleka na kuleta vipodozi Nakonde, upande wa Zambia, nimejifunza kwamba kitu chenye boksi ni biashara na kitalipiwa ushuru, ila kitu kilichofunguliwa na kupunguzwa kidogo ni cha mwenyewe. Ukifika kwa afisa unamwita kwa heshima ya kwao, mukwai, haya ni ya kujipaka tu, unapita. Kwa hiyo safari ya India nikaifunga kama safari ya Nakonde. Maboksi yote nilitupa. Lebo nilizibandua kwa maji ya moto, nikazisugua mpaka chupa zikawa uchi. Hata vile vichupa viwili vya dawa ya macho ya Baba, nilivibandua vikang'aa, nikajisifu.

Tena basi limenifundisha kwamba kitu cha thamani hakikai kwenye buti. Kwenye buti weka nguo, cha thamani kaa nacho mapajani. Kwa hiyo begi kubwa nililijaza sweta za Baba na mashuka, na ile bahasha ya daktari wa Mbeya nikailaza chini kabisa isikunjike. Begi la mkononi ndilo nililolishindilia asali yako, lotion yangu, sabuni ya maji, dawa ya kuchua mgongo, dawa ya mizizi ya tumbo ndani ya chupa ya soda, nyembe za Baba, na vile vichupa viwili.

Kumbe kwa ndege kila kitu ni kinyume. Cha maji kinatakiwa kwenda tumboni mwa ndege, na karatasi ndiyo ya kukaa nayo mkononi.

Begi likaingia kwenye mashine, likatoka, likarudishwa, likaingia tena. Mkaguzi alikuwa dada mmoja, kibao cha kifuani kimeandikwa Conjesta. Alifungua zipu akaanza kutoa kimoja kimoja na kukipanga juu ya meza mbele ya foleni nzima, na foleni ilikuwa ndefu. Aliniambia cha maji kisichozidi mililita mia moja ndicho kinachopita. Nikamwonyesha kwamba kwenye chupa ya lotion imebaki robo tu. Akanijibu kwa upole kwamba wao hawapimi kilichobaki, wanapima chupa. Nilibishana naye, Mama, usinionee aibu. Nilimwambia kama wanapima chupa, basi asali waimimine kwenye kikombe wanirudishie chupa tupu. Kijana wa nyuma yangu akacheka mpaka akadondosha kofia. Asali yako ilikwenda kwenye ndoo, na imeniuma kuliko lotion.

Halafu akainua kichupa kimoja cheusi akauliza ni nini. Sikukijua. Nikasema si changu. Baba akakohoa, akageukia ukuta, akamwambia Conjesta kwa sauti ya chini kwamba hiyo ni dawa yake ya nywele. Piko, Mama! Miaka yote tukisema ukoo wake hauoti mvi. Kama ulikuwa unajua, tucheke wote. Kama hukujua, mimi sijasema.

Lakini kicheko kiliishia hapo, maana alifika kwenye vichupa vya macho. Udogo wake haukuwa na tatizo. Tatizo ni kwamba katikati ya lundo la chupa zisizo na jina, na vyenyewe havikuwa na jina. Akauliza ni dawa gani, nikasema ya macho. Akauliza cheti kiko wapi, nikasema kiko kwenye begi kubwa, na begi kubwa lilikuwa limeshaondoka. Akauliza mgonjwa anaitwa nani.

Mama, jina lake mimi silitaji. Nikasema ni baba yake Edson. Akasema hilo si jina. Nikasema ni babu yake Irene. Akaniangalia kama mtu aliyeiba mzee wa watu. Hatimaye nilimsukumia pasipoti ya Baba nikamwomba asome mwenyewe, nami nikaziba masikio.

Akamwita mkubwa wake. Maneno ya daktari wa Mbeya nilikuwa nayo kichwani: dawa hizi zisirukwe hata siku moja, presha ya macho ikipanda hawatampasua, na mwanga uliobaki utaondoka moja kwa moja. Vichupa vile vikienda kwenye ndoo, safari nzima imekwenda kwenye ndoo.

Mkubwa wao alikuwa mtu mzima mwenye busara. Alisema hawezi kupitisha dawa asiyoijua, lakini kama kweli ni ya huyu mzee, na aiweke machoni hapahapa wote waone. Mtu hawezi kujitia sumu jichoni. Nilifurahi, kisha nikakumbuka kwamba mikono ya Baba inatetemeka na ni wewe unayemwekea kila siku. Nikamwomba Conjesta amwekee. Akasema hawaruhusiwi kugusa dawa za abiria.

Baba akamwambia Conjesta amwulize huyo mama kama hakuna mtu mwingine. Mimi nikamwambia Conjesta amjibu mzee kwamba hakuna. Baba akamwambia Conjesta aulize kama Edson hawezi kuitwa. Nikamwambia ajibu kwamba Edson haruhusiwi kupita. Tulikuwa tumesimama karibu kiasi kwamba kiwiko changu kingeweza kumgusa, na yule dada anageuza shingo huku na huku kama anayetazama watoto wanaorushiana mpira. Mwisho alituuliza kama tumegombana. Nikamwambia hapana, tunaheshimiana. Akasema kwa heshima ya namna hii tutaachwa na ndege.

Basi nilijifunika kitenge kichwani, nikamwomba Mungu na wewe mnisamehe. Nikamwambia Conjesta amwambie Baba akae kwenye kiti na ainue uso. Akainua. Mimi nikafumba macho yangu ili nisimtazame, nikanyoosha mkono, nikaminya kichupa. Tone likaangukia kwenye sharubu. Nikaminya tena, likaingia sikioni. Foleni nzima ilikuwa inacheka, na mkubwa yule akasema, mama, tatizo lenu ni kwamba wote wawili mmefumba macho. Kumbe Baba naye alikuwa amefumba, kwa heshima.

Nikafumbua. Nikamwambia Baba, mimi mwenyewe, bila Conjesta, afumbue. Akafumbua. Nikamshika uso, nikavuta kope la chini kama unavyofanya wewe, nikaweka tone kwenye jicho la kushoto, akapepesa kama kawaida. Nikahamia la kulia. Kidole changu kilikaribia kabisa, kikamgusa kope, na jicho lile halikupepesa wala kukwepa. Nilielewa palepale, ila sikusema. Tulifungiwa vichupa kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, pamoja na miswaki yetu miwili imelaliana humo, baba mkwe na mkwe, nikapita nao mbele za watu nimeukumbatia. Ndani ya ndege nilimwekea tena. Hakuna aliyefumba.

Sasa Mama, kama ulikuwa umesimama, kaa.

Daktari wa huku alipompima aliuliza jicho la kulia limezimika tangu lini. Kiingereza changu cha Nakonde kilitosha, nikamgeuzia Baba swali, na chumbani hatukuwa na mtu wa kati. Aligeukia sauti yangu. Halafu akanijibu mimi kwamba lilizimika tangu mwaka juzi, kabla ya msimu wa kahawa, na la kushoto tangu wakati huo limekuwa ukungu mtupu. Ile hadithi ya kwamba jicho moja ni zima na jingine lina vumbi, alitutungia.

Unakumbuka tulivyokuwa tukimsifu? Nikikatiza uani anageukia ukutani, na wazee wanasema tazameni mtu anayejua heshima. Mama, alikuwa hanioni. Alikuwa akisikia ndala zangu anageuka upande wowote, na siku nyingine alinigeukia mimi mwenyewe, nikakimbilia jikoni nikidhani nimekosea njia. Mila yetu ilimfichia upofu, na sote tuliipigia makofi.

Alificha kwa sababu aliogopa utamnyang'anya panga na kumkalisha kwenye mkeka kama mtoto. Aliogopa kuwa mzigo wako wakati kifua chako chenyewe hakina nafuu. Alipokuwa anasema hayo machozi yalimtoka, na mimi nililia, na daktari akatukataza wote wawili kulia kwa sababu ya presha.

Jicho la kulia halitarudi. Nakuambia wazi ili usiambiwe na mtu mwingine. Lakini la kushoto walilipasua wakaondoa mtoto wa jicho, presha imeshuka, na juzi walimfungua bandeji. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake nimejifunika kitenge. Akaniambia nijifunue, kwamba hakuvuka bahari aje kutazama kitenge. Nikajifunua. Alinitazama muda mrefu, kisha akasema kumbe mimi ni mwembamba, kwa sauti yangu alidhani ni bonge la mama.

Kwa hiyo nimekiri, Mama. Nimemtazama baba mkwe, nimemshika uso asubuhi na jioni, na kila siku tunaongea kama watu waliozaliwa nyumba moja. Waambie wazee mapema kabla Loisi hajawaambia. Wakitaka mbuzi wa faini, Baba anasema atamtoa yeye, na atakayeongea sana atamfukuza uani. Mimi nitapokea hukumu yoyote ila ile ya kurudi kwenye mahindi.

Kuna moja zaidi, na hili aliniapisha nisikuambie. Jana aliniuliza kama umezeeka. Nilishangaa swali, akanieleza kwamba hajauona uso wako tangu ukungu ulipoanza. Kila Jumapili ulipokuwa ukitoka kwenda kanisani akasema umependeza, alikuwa anasikiliza kitenge tu. Kitenge kipya kina mlio wake, alisema, na kile cha zamani kiko kimya, kwa hiyo siku za kimya alikusifu kilemba.

Nimemwambia hujazeeka. Akasema mimi ni mkwe, nitasema nini kingine, ataona mwenyewe.

Nisalimie Loisi bila kumpa barua. Msalimie Irene, umwambie mama yake anamkumbuka na anamletea gauni. Wasalimie majirani wote walioniombea. Daktari akituruhusu, tutafika Ikinga mchana. Nakuomba siku hiyo usikae jikoni na moshi wala usikimbie kupokea mizigo. Simama nje penye mwanga, usijifunike kitu kichwani, ukae hivyohivyo mpaka amalize kukutazama.

Ni mimi mkweo,
Sekela, mama Irene.