Upande Ambao Moto Hauvuki

Wamaza, Jumanne, mwisho wa mwezi wa nane. Jua limetoka jekundu na moshi bado haujaondoka. Nguo zangu zinanuka, nywele zinanuka, hata chai ya asubuhi ilikuwa na ladha ya majivu. Sina raha.

Nitaandika bila kujitetea. Jana nilijitetea vya kutosha kwa kunyamaza.

Mimi naishi Kasongo, nashona nguo karibu na soko. Kila mwaka kabla ya mvua narudi huku kwa pikipiki kumsaidia Mama kuchoma shamba la mpunga. Wengi wa hapa wameenda kwenye machimbo ya dhahabu, wengine tumehamia mjini. Nikifika napita kati ya milango iliyofungwa kwa waya na kujifanya siioni. Mama hataki kunifuata Kasongo. Anasema majirani watarudi, na wakirudi lazima wakute mtu.

Kwetu shamba halichomwi na mtu mmoja. Siku moja kabla, mwenye shamba anabisha kila mlango, na kila nyumba inatoa mtu mmoja na tawi bichi la kupigia moto. Mnalizunguka shamba, kila mtu analinda kipande chake. Utotoni mwangu tulikuwa wengi hadi tunasukumana kugombea nafasi. Safari hii waliobaki ni wazee, na moto unataka mtu wa kukimbia. Tulipatikana watatu: Mama, mimi, na dada yake, Mama Mdogo Feza, ambaye goti lake moja halikunjiki.

Basi tukasema tutumie akili. Kwa siku nne tulifyeka na kulima ukanda mtupu wa kuzuia moto pande tatu za shamba, mikono ikachubuka. Upande wa nne tuliuacha. Huo ni upande wa jirani yetu, Papa Ramazani, na tangu nizaliwe sijaona mtu akilima ukanda pale.

"Kwa Ramazani moto hauvuke," Mama alisema.

Nikaitikia. Hata mimi nilijua hivyo. Kila mwaka moto ulifika mpakani kwake ukalala.

Ulilala kwa sababu Ramazani alikuwa akilima.

Shamba lake lilikuwa safi, udongo mtupu kati ya mihogo, hakuna cha kuungua. Lakini huu ni msimu wa pili yuko machimboni, na nyasi pale zimenipita kichwa, kavu kabisa. Na niliziona! Nilipita humo kwenda kuchota maji, zikanikata mikono. Bado kichwani mwangu mlikuwa na mihogo ya Papa Ramazani.

Mama alinipa kiberiti. Ni mimi niliyewasha.

Moto ulifika mpakani na haukulala. Uliingia kwenye nyasi kwa kelele kama mvua kubwa juu ya bati. Tulipiga kwa matawi hadi matawi yenyewe yakashika moto. Mama Mdogo Feza alianguka, nikamvuta kwa mkono mmoja. Michikichi ya Ramazani, aliyoipanda mwenyewe mmoja mmoja, iliungua yote. Kisha moto ukaingia msitu wa kijitoni. Zamani msitu ule ulikuwa na unyevu, moto ukiugusa unakufa. Sasa wapasua mbao wamekata miti mikubwa, jua linafika chini, na mashamba yaliyoachwa yameleta nyasi kavu mpaka kwenye mizizi. Umeungua siku mbili. Mle ndimo Mama alimokuwa akichuma fumbwa, mboga yake ya kila wiki.

Niliwahi kuandika kwenye blogu hii, tena kwa majivuno, kwamba watu wakihama msitu utapumzika. Labda, baada ya miaka mingi. Kabla ya miti kurudi zinakuja nyasi, na hakuna mtu wa kuzifyeka. Nimezaliwa hapa na sikulijua hilo. Naona aibu.

Jana kapita, mkuu wa kijiji, alituita akauliza nani aliwasha. Mama akajibu kabla yangu: "Ni miye, kapita. Mwamini alikuwa mbali."

Mwamini ni mimi, na nilikuwa nimekaa ubavuni mwake. Niliangalia vidole vya miguu yangu.

Kapita hakututoza hata kuku. Alituangalia kwa huruma, akasema, "Mwenye mali hayuko. Sasa tutamulipa nani?"

Leo asubuhi nimepanda kilima chenye mtandao, nikampigia Papa Ramazani. Nimemwambia yote: michikichi, msitu, na kwamba mkono ulikuwa wangu, si wa Mama. Nilijiandaa kutukanwa. Nadhani nilitaka kutukanwa.

Akajibu: "Usilie, mutoto yangu. Bibi na watoto, wote wako huku. Miye sitarudia tena kule."

Sikuwa nalia. Nilianza hapo.

Mama alikuwa akinisubiri chini ya kilima, ameshika kiuno. Akauliza Ramazani amesema nini. Nikamwambia amekasirika vibaya sana, ametutukana sote, na anakuja mwenyewe kudai michikichi yake. Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Mama akafumba macho, akasema, "Alhamdulillahi. Acha akuje na hasira yake."

Njia nzima alitembea mbele yangu, kwa hatua ambazo sijaziona kwake miaka mingi.

Naandika nikisikia fagio. Mama anafagia uwanja wa nyumba ya Ramazani, na pikipiki ya kunirudisha Kasongo inakuja kesho asubuhi. Nimwambie ukweli kabla sijapanda?