Ng'ong'a Hatoshi Kwenye Kompyuta

Jumatatu, 2 Oktoba 1995

Kompyuta imefika Migori! Ofisi nzima ya kampuni yetu ya alizeti imejaa mlangoni, hata waliokuwa likizo. Kazi yangu ni kuandika majina ya wakulima, mashine itoe kadi za kuchukulia mbegu na mbolea. Kadi za mkono zimepigwa marufuku.

Wa kwanza, Mama Dolphine Ng'ong'a wa Uriri. Nikaandika. Kadi ikatoka: DOLPHINE NG. Nikarudia. NG. Inaonekana ikikutana na kale kaalama ka juu ka ng', inafunga duka.

Mama akaigeuza kadi. "Nyathina, mwanangu, hiyo mashine imeshiba?"

Stoo wakamrudisha. Jina si la kitambulisho.

Alhamisi, 12 Oktoba

Nimeenda Homa Bay kwa Bwana Mokaya, mkuu wetu wa kanda. Nikaeleza: ng' inakatwa. Kwani huko Nairobi hakuna ng'ombe?

Akacheka, halafu akanitafsiria ombi kwa Kiingereza kizito. Aliposoma sikulitambua. Limekuwa "kuboresha ushughulikiaji wa majina." Ng' yenyewe haimo! Eti kamati ya kompyuta huko Nairobi haipendi mambo madogo madogo.

Jumanne, 14 Novemba

Kamati imetuma mtu. Byron, kijana wa tai, viatu vyeupe – Migori, na mvua hii! Kazi yake ni kusikiliza wateja, kisha kuwaeleza waandishi wa programu. Yeye mwenyewe haandiki programu. Nao waandishi hawaonani na wateja. Nikamuuliza nani basi anaonana na nani. Akasema nimeuliza swali zuri.

Nilimleta Mama Ng'ong'a. Byron, kwa adabu sana, akamuuliza kama anaweza kutumia jina jingine, ili kurahisisha.

"Hilo ni la mzee wangu," Mama akasema. "Amelala pale nyuma ya nyumba. Nenda umuombe ruhusa, mimi nitakungoja."

Byron akafungua daftari. Halafu akaandika ng', kubwa, akapigia mstari. Nimeanza kumpenda kidogo. Kidogo tu!

Jumatano, 24 Januari 1996

Nimepiga simu Nairobi. Byron anasema ng' iko kwenye foleni. Mbele yake kuna ombi la mkurugenzi: nembo ya kampuni iwe inazunguka kwenye skrini.

Nembo izunguke. Mama Ng'ong'a asimame.

Nikamkumbusha kwamba mvua ya kupanda haina kamati. Alikasirika, halafu akasema atapigania.

Jumanne, 20 Februari

Alipigania kweli! Programu imeandikwa, imejaribiwa, imepita. Nikauliza walijaribu na jina gani. Ng'eno, akasema kwa fahari, hata alilitamka vizuri. Nilimpigia makofi kwenye simu. Nimemtumia Mama habari kwamba kadi yake iko njiani. Ametuma kuku.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua imeanza juzi. Leo Bwana Mokaya na Byron wamekuja na disketi, na keki. Mama Ng'ong'a amevaa nguo ya kanisa. Nembo imezunguka, watu wakashangilia. Nikaandika jina lake, wote wametoa macho.

DOLPHINE NG'ONG.

Inakubali kaalama kamoja. Ka pili kanafunga duka.

Byron alishika kichwa. "Ng'eno ana moja," akasema, polepole, kama anayejiambia.

Bwana Mokaya hakushtuka. Akanisogezea karatasi: mteja athibitishe kwamba ombi limetimizwa. Mteja ni mimi, kumbe! Nikiweka sahihi, ombi linafungwa, Homa Bay inasifiwa, na la kaalama ka pili linaanza upya kwenye kamati. Kwa hesabu ya miezi ya la kwanza, Mama atapata mbegu wakati wenzake wanavuna. Nisipoweka, programu inarudi Nairobi, na akina Nyang'wara na Ang'ienda, wenye kaalama kamoja, nao wanakosa kadi leo. Wako nje kwenye foleni, wanalowa.

"Weka tu, Scovia. Keki inangoja."

Mama akaniinamia. Kusoma hajui, lakini alitazama kalamu. "Nyathina, hapo unaandika jina langu ama lako?"

Nikasema naenda choo. Ndiko ninakoandikia haya, kalamu ni ya Bwana Mokaya.

Byron anagonga. Anasema nitoke, yeye ameikataa programu mbele ya mkuu, lakini sahihi yake haihesabiki. Yangu ndiyo inayotakiwa.

Bwana Mokaya naye amekuja kugonga. Mvua imeongeza – siwasikii wa nje tena –

Nimeshika kitasa