Milioni Moja na Tatu

Bwera, 4 Machi 1973

Dada Marie-Louise,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila kikohozi cha chaki. Magoti yako je? Na samaki wa Kasenyi wanatoka?

Nina kazi kwako. Milioni moja huvunjika kama muhogo. Milioni na moja nimeivunja kwa 101. Milioni na mbili ni shufwa, haina ubishi. Lakini 1,000,003 imenigomea wiki mbili! Kujua kama haigawanyiki kabisa, inatosha kuijaribu kwa namba 168 zisizogawanyika zilizo chini ya elfu. Mimi nachukua 84 za chini, wewe za juu. Usiruke hata moja, nakujua mvivu. Karatasi mpe Wahabu wa lori.

Mdogo wako,
Philippe

Kasese, 19 Machi

Mdogo wangu,

Magoti mazima kuliko akili zetu. Wahabu amekamatwa kwenye rodibloki na karatasi zetu. Wanajeshi wanasema ni siri za adui. Mkewe, Kulusum, amekaa hapa kwangu ananiuliza namba hizi ni za nini, nami naona aibu kumwambia ni mchezo.

Nilikwenda kambini wakanifukuza: "Mama, kwenda uza samaki! Leta huyo mwalimu." Nenda, Philippe. Waambie lolote wanalotaka kusikia.

Dada yako

Bwera, 24 Machi

Dada,

Natumaini Wahabu amefika nyumbani na anakula.

Nilimwambia afande kwamba ni namba isiyogawanyika. Akacheka. "Hakuna kitu haigawanyiki. Gawanya! Ikikataa, dereva anapigwa."

Niliandika mbili, ikabaki moja. Askari akampiga Wahabu mgongoni kwa kitako cha bunduki. Tatu, ikabaki moja. Tano. Saba. Kwenye kumi na moja alitapika damu. Kwenye kumi na tatu nilisikia mbavu zikivunjika. Kwenye kumi na saba ilibaki kumi na mbili. Nikaifunika kwa kidole, nikasema, "Imegawanyika, afande."

Karani wao, Semakula, alichukua karatasi akakagua. Baki aliiona. Akanitazama, akasema, "Ni kweli, afande." Wakatuachia.

Dada, sijawahi kusema uongo katika hesabu, na naona haya mpaka leo. Niambie nilifanya vyema.

Mdogo wako,
Philippe

Kasese, 16 Aprili

Philippe,

Hali yako siulizi. Wahabu alifariki Ijumaa, akazikwa siku hiyo hiyo. Damu haikukoma kumtoka kinywani.

Kulusum aliniomba nimsomee barua yako. Nilisoma yote, sikuruka neno, na najuta. Alifunga mtandio wake vizuri, kisha akauliza, nami nakuandikia alivyosema:

"Kama mwalimu alijua kudanganya, mbona alingoja mpaka mume wangu akapigwa mara sita?"

Mimi usiniandikie. Mwandikie yeye.

Dada yako