Vipande vya Diski

Changamwe, Ijumaa

Nimempiga Mutua, mwenzangu wa chumba cha kompyuta, na mkono umevimba. Jana niliipanga diski kwa vipande vya kilobaiti nane, sawasawa na jinsi hifadhidata yetu ya kontena inavyosoma, na mashine ikapata kasi. Leo natoka kuswali Ijumaa, namkuta ameifuta diski na kuifomati upya, amerudisha vipande vidogo. Rekodi za kontena zote tulizoingiza tangu asubuhi, ambazo hazikuwa na nakala, zimefutika.

"Vipande vyako vilikuwa vinakula nafasi bure," akaniambia, bila hata kugeuka.

Nikamkamata shingo, nikambamiza uso kwenye kibodi mpaka jino likang'oka. Mlinzi ndiye aliyenivuta.

Jumatatu huenda nikafukuzwa. Hilo silihofu. Ninachohofu ni kwamba nilipoiona damu yake, wallahi, nilisikia raha.